Nina duka dogo Majengo Moshi, haya mambo ya kidijitali yatanisaidia nini hasa?

Swali: Nina duka la rejareja hapa Majengo, Moshi, miaka mingi sasa. Nauza unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni, vocha na vitu vidogo vidogo. Hesabu zangu ziko kwenye daftari na nyingine kichwani. Kijana wangu anasoma chuo cha Ushirika, kila akija nyumbani ni kelele, baba weka lipa namba wateja walipe kwa simu, baba andika mauzo kwenye simu, baba fungua ukurasa Instagram. Mi naona ni gharama tu, na tena naona kama najipeleka mwenyewe TRA kwa watu wa kodi. Simu yangu ni kitochi. Naomba uniambie ukweli, duka la saizi hii linapata faida gani?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Nianze na huyo kijana, hayo mawili ya kwanza anayokwambia yuko sahihi kabisa, hilo la ukurasa mwambie atulie kwanza, nitalifikia.

Mi kazi yangu ni mahesabu ya wafanyabiashara wadogo, nipo Arusha ila Moshi nashuka sana, na ninachokiona karibu kila duka ni kwamba mwenye duka anajua kauza lakini hajui kapata. Jioni droo ina laki na themanini, anashukuru Mungu, anatoa ya mboga, anatoa nauli ya mtoto, kuna mchango wa msiba anatoa hapohapo, asubuhi anaenda soko la Mbuyuni kuchukua mzigo hela haitoshi, anachukua mali kauli, afu anaambia watu biashara siku hizi ngumu. Inawezekana ni ngumu kweli. Ila inawezekana pia duka linaingiza vizuri tu, sema linalisha nyumba na ukoo mzima na hakuna sehemu imeandikwa. Daftari lako naamini lina madeni ya wateja na labda bei za mzigo. Hela uliyoitoa wewe mwenyewe kwenye droo haimo, nakuhakikishia haimo, sijawahi kufungua daftari la Mangi yeyote mwenye duka nikaikuta.

Hapo ndo faida ya kwanza ilipo na haina uhusiano wowote na matangazo wala mitandao. Watu wakisikia kidijitali wanawaza kuposti picha. Kwa duka la mtaani kazi kubwa ya simu ni kukuonyesha hela inapotelea wapi.

Chukua sukari. Mfuko wa kilo 50 ukiuuza robo robo unatakiwa utoe robo 200. Sasa mizani yako ya zamani, au mkono wa kijana anayekusaidia, ukizidisha gramu 10 tu kwenye kila robo utapata robo 192 na kitu, yaani karibu kilo 2 zimeondoka kila mfuko na hakuna aliyeiba. Sukari faida yake unaijua ilivyo nyembamba, kilo mbili zikienda kwenye mfuko mmoja unakuta ulikuwa unafanya kazi ya kumbebea mwenzako. Kwa macho hutaona. Kwa daftari ungeona kama ungekuwa unajumlisha, ila nani anakaa usiku kujumlisha robo za mwezi mzima? Ndo kazi ya simu sasa, kujumlisha, haichoki na hailalamiki macho.

Usiandike kila kiberiti, hapo ndo wengi wanachoka wiki ya kwanza wanaacha, na vijana wetu wa chuo ndo wanaoharibu maana wanakuja na mfumo wenye vitu mia tatu, kila kipande cha sabuni kina namba yake. Wewe andika vitu vinne tu kila ukifunga: mzigo ulionunua na bei yake, mauzo yote ya siku kwa jumla, hela iliyotoka kwenda nyumbani au popote pasipo duka, na madeni mapya na yaliyolipwa. Afu kwa vile vitu vitano vinavyoenda sana, nadhani kwako ni sembe, sukari, mchele, maharage na mafuta, andika na kilo au lita. Hiyo ni robo saa. Ukishapata smatifoni, kijana akufungulie jedwali kwenye Google Sheets, ni bure, linaweza kuwekwa likafanya kazi hata bila bando na likajituma lenyewe ukipata mtandao, na uzuri ni kwamba yeye akiwa hosteli Ushirika analiona jedwali hilohilo, ukikosea anarekebisha. Kwa hiyo mwambie kama anataka uende kidijitali basi na yeye ana zamu, Jumapili jioni akutumie faida ya wiki kwa meseji ya kawaida. Hapo utajua kama alikuwa anamaanisha.

Madeni nayo yasogeze humohumo. Najua huku kwetu huwezi kuendesha duka bila kukopesha, jirani akikosa unga wa watoto leo huwezi kumfukuza. Ila kuna tofauti ya kumkopesha mtu ukijua wateja kumi na tano wanakudai, samahani, unawadai wewe, jumla laki moja na ishirini, na kumkopesha ukiwa unahisi hisi tu kwamba madeni siyo mengi. Ukijumlisha utashtuka, na utaona wanaochelewa ni walewale watatu. Ila jambo moja, usije ukaweka majina yao stetasi ya WhatsApp, nimeona Arusha huku watu wanabandika orodha ya wadaiwa kwenye grupu la mtaa. Mbali na uadui, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, unaweza ukajikuta unayemdai ndo anakushtaki.

Lipa namba sasa. Watu wengi wanaisifia kwa sababu mteja hana haja ya kubeba hela, sawa, na zile fujo za chenji zinapungua, humpi tena mtu pipi badala ya shilingi mia. Lakini kwako mi naipenda kwa sababu nyingine: hela ya duka inakaa pembeni ya hela yako. Saivi nadhani mteja anakutumia kwenye laini yako ya kawaida, humohumo dada yako wa Dar anatuma ya mama, humohumo unalipia luku, na mwisho wa mwezi hakuna malaika anayeweza kuzitenganisha. Afu yale mabishano ya "weka na ya kutolea" yanaisha. Makato ya lipa namba yapo, yanatofautiana mtandao na mtandao, usisaini kabla hujauliza wanakata nini mteja akilipa, wanakata nini ukihamisha kwenda benki, wanakata nini ukitoa kwa wakala. Na ujanja wenyewe ni kutotoa. Wa jumla wengi wa mjini wana lipa namba zao, mlipe kutoka kwenye yako moja kwa moja, hela isiguse mkono. Ukiwa na tabia ya kutoa kila jioni makato yatakula ile faida nyembamba halafu utasema mi nilijua tu.

Wala huhitaji kubandika karatasi nne ukutani. Zamani kidogo kila mtandao ulikuwa kivyake, kuanzia 2014 ndo wakaanza kutumiana, na saivi Benki Kuu ina mfumo wa TIPS unaounganisha mitandao na mabenki, kwa hiyo namba moja inatosha kuanzia. Chagua ya mtandao ambao wateja wako wengi wapo, siyo uliopewa fulana na promosheni.

Haya TRA, maana naona hilo ndo swali lenyewe, hayo mengine ulikuwa unayasindikiza.

Sitakudanganya, hela ikipita kwenye lipa namba inaacha alama, na kama mpango ulikuwa kujificha basi kitochi na droo vinaficha vizuri zaidi. Ila angalia makadirio yanavyofanyika. Afisa akija hasubiri simu yako. Anaangalia duka lilipo, shelfu zimejaa kiasi gani, friji ngapi, anakaa kidogo anaona wateja wanavyoingia, anakadiria. Kama huna kumbukumbu utabishana naye kwa mdomo, na kwa mdomo sijawahi kusikia mtu wa Majengo kamshinda TRA. Sheria yenyewe inampendelea mwenye maandishi. Viwango vya Sheria ya Fedha ya 2019 kwa sisi wadogo viliwekwa hivi: mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 4 mpaka milioni 7 kwa mwaka, bila kumbukumbu alipe laki moja, mwenye kumbukumbu alipe asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Piga hesabu ya mama anayeuza sambusa na juisi mwenye mauzo ya milioni 5: bila maandishi ni laki moja, na maandishi ni elfu 30. Elfu 70 imeokolewa na kuandika. Duka lako bila shaka liko madaraja ya juu ya hapo, na viwango vinaguswa kwenye bajeti karibu kila mwaka, kwa hiyo nenda ofisi ya TRA mkoa uchukue jedwali la mwaka huu, ni bure na hawang'ati. Ukiona umekadiriwa kupita kiasi una siku 30 za kupinga kwa maandishi, japo kuna sehemu utatakiwa kulipa kwanza, theluthi moja au ile usiyoibishia, yoyote iliyo kubwa. Sasa unapinga na nini kama vyote viko kichwani? Na mambo ya mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti, ni hivyohivyo, mauzo yakifika kiwango cha sheria unatakiwa uwe nayo, hesabu ziwe kwenye simu au kwenye daftari, simu siyo iliyokuletea.

Kuna mtego mmoja hapa ambao watu hawauoni kabisa. Biashara ndogo kodi yetu inahesabiwa kwenye mauzo, siyo kwenye faida. Kwa hiyo ukipitisha hela ya vikoba kwenye namba ya duka, ukapitisha michango ya harusi ya mpwa wako, ada aliyotuma shemeji, ukaja kuombwa taarifa ya miamala, zote zinaonekana kama umeuza. Nimeshakaa na mama mmoja wa mtaa wa Sakina huku Arusha tunachambua mstari kwa mstari, yeye ndo mweka hazina wa kikundi na hela za wanawake wote zilipita kwenye lipa namba yake, mauzo yake kwenye karatasi yalionekana karibu mara mbili ya ukweli. Namba ya duka iwe ya duka tu. Hata mkeo akiomba aitumie mara moja, mwambie mama namba hiyo ina wenyewe.

Hiyo historia ya miamala upande wa pili inakusaidia kukopa. Siku ukitaka friji au kuongeza chumba, benki na taasisi za mikopo wanataka kuona hela inaingia na kutoka, na mtu wa daftari anabaki kuweka shamba rehani au anaangukia kausha damu, ile mikopo ya riba kali. Na ukishakuwa na smatifoni zitakuja hizi aplikesheni za mkopo wa dakika tano, zinaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako halafu ukichelewa wanawatumia meseji wakwe zako na paroko. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza aplikesheni 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni, 69 mzee, na zinazaliwa nyingine. Usiguse. Mkopo wowote angalia kwanza kama anayekupa ana leseni ya BoT, yaani hiyo Benki Kuu.

Faida nyingine ambayo huko Dar hawataielewa ni Desemba. Sisi Kilimanjaro mwezi ule ni nchi nyingine, watu wanapanda kutoka Dar, Mwanza, Dodoma, wanapita mjini kubeba vitu kabla ya kwenda Kibosho, Machame, Marangu, Rombo, na mwenye duka ama anaishiwa sukari tarehe 23 wakati wa jumla nao wamepandisha, ama anajaza stoki kwa kukisia afu Januari anabaki na makatoni ya soda na mafuta huku ada za shule zinagonga mlango. Ukiwa na kilo na lita za Desemba iliyopita zimeandikwa, Oktoba tu unajua utahitaji nini na unaanza kununua kidogokidogo bei ikiwa bado na adabu. Mwaka wa kwanza hutafaidi maana huna kumbukumbu za nyuma. Mwaka wa pili ndo utamu wenyewe.

WhatsApp itumie kwa wa jumla kwanza kabla ya wateja. Unauliza bei kwa watu watatu ukiwa umekaa dukani, unalinganisha, unalipa, mzigo unaletwa na bodaboda au guta, hujafunga duka nusu siku. Ile WhatsApp Business ni bure, unaweza kuweka bei za vitu na saa za kufungua. Stetasi nayo ina kazi, mchele mpya wa Kahama umeingia, weka picha, majirani wenye namba yako wataona. Inatosha. Instagram kwa duka la unga mi naona ni kupoteza bando, mteja wako yupo mita mia mbili, hahitaji kukufuata mtandaoni. Angekuwa ni fundi nguo, anayetengeneza keki, au mtu wa kutembeza wageni kwenye kahawa kule Materuni, hapo ningesema tofauti kabisa, maana mgeni anatafuta kwenye ramani ya Google akiwa bado kwao Ujerumani na usipokuwepo pale hakujui. Kwa hiyo kijana akibishana mwambie ukurasa afungulie keki za dada yake kama anatengeneza.

Hatari zipo na ni bora uzijue kabla hela haijaanza kuingia. Utapeli mkubwa dukani ni meseji feki, mteja anakuonyesha simu yake imeandikwa muamala umekamilika, watu wamejaa, unampa mzigo. Simu yake siyo ushahidi. Ushahidi ni meseji iliyoingia kwako kutoka kwa mtandao wenyewe, siyo kutoka namba ya mtu, na ukiwa na shaka angalia salio, mteja mkweli atasubiri. Kuna mwingine anatuma kweli kwenye laini ya kawaida, anabeba mzigo, akifika kona anapiga huduma kwa wateja anasema nimekosea namba, hela inazuiliwa na wewe unaanza kujieleza, sababu nyingine ya kuachana na laini yako binafsi kwa mauzo. Zile za "ile hela tuma kwenye namba hii" nadhani unazo nyingi kuliko mimi, zipeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli. Na piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ukiona usiyoijua nenda duka la mtandao husika uiondoe.

Kijana wa dukani asijue namba ya siri. Uliza mtoa huduma wako namna ya kumfanya apate ujumbe wa malipo bila uwezo wa kutoa hela, ukishindwa kabisa simu ikae na wewe na yeye akuite. Siyo kwamba ni mwizi, ni kwamba siku ikipotea elfu kumi msianze kuangaliana vibaya.

Mtandao nao unakatika. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika intaneti ikawa ya kubahatisha, Oktoba 2025 ikazimwa siku kadhaa, watu waliokuwa wameweka kila kitu kwenye intaneti walikaa wanatazamana. Menyu za nyota kama *150*00# hazitumii intaneti kwa hiyo jifunze kuzitumia kwa vidole, usitegemee aplikesheni peke yake, na droo usiitoe, weka hela ya kuendeshea siku mbili tatu. Daftari la madeni pia liache kaunta, andika humo mchana, jioni hamishia kwenye simu.

Kuhusu simu, usinunue ya kujionyesha. Tafuta mpya ya bei ya kati, yenye RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64, betri inayofika jioni, na ununue dukani wanakokupa risiti na warantii, siyo ya mkononi pale stendi hata kama muuzaji anaapa kwa mama yake. Kitochi usikitupe. Laini ya hela ya duka iache kwenye kitochi, hakina aplikesheni za kukuibia, kinakaa na chaji siku mbili na meseji za malipo zinaingia kama kawaida, afu smatifoni iwe na laini nyingine ya WhatsApp na jedwali. Kama hela ya smatifoni haipo mwezi huu, sajili lipa namba kwa kitochi hichohicho wiki hii, nenda na kitambulisho cha NIDA, na kama una TIN na leseni ya biashara vibebe, na hesabu za vile vitu vinne ziandike kwenye daftari jipya mpaka kijana afunge chuo.